Ukumbi wa Bay Street na Mkimbiaji wa Eldoret

Wafini waliohamia Amerika ya Kaskazini walikuwa na utaratibu wao wa kujenga. Ilianza sauna, kibanda cha kuogea kwa mvuke, ambamo familia ililala mpaka nyumba ikamilike. Ikafuata nyumba. Likafuata kanisa, kwa waliokuwa watu wa kanisa. Kisha ukajengwa ukumbi, na mara nyingi ukumbi huo ulikuwa mali ya chama cha watu walioapa kutogusa pombe. Miji ya migodi ilikuwa na baa kila kona, na mshahara wa wiki uliweza kuishia humo usiku mmoja. Kwa hiyo wenye akili zao walitafuta mahali pengine pa kwenda jioni, penye joto, penye kahawa, penye jambo la kufanya.

Zaidi ya 300,000 kati yao walivuka Atlantiki kuanzia miaka ya 1860 hadi Vita Kuu ya Kwanza. Waliondoshwa na njaa kubwa ya 1866 hadi 1868, na uhaba wa mashamba, na baada ya 1901 vijana wengi walikimbia sheria ya Tsar wa Urusi iliyotaka kuwaingiza jeshini. Ufini wakati huo ilikuwa chini ya Urusi; uhuru wake ulitangazwa Desemba 6, 1917. Wanaume waliingia kwenye migodi ya shaba na chuma ya Michigan na Minnesota, na kwenye misitu ya Ontario. Wanawake wengi wakawa watumishi wa majumbani. Huko Hancock, Michigan, ndiko kilikoanzishwa chama cha Pohjantähti mwaka 1885, cha kwanza cha wasiokunywa miongoni mwa Wafini wa Marekani, na ndiko walikofungua chuo chao, Suomi, mwaka 1896. Chuo hicho kilidumu hadi 2023.

Lakini ukumbi tunaouzungumzia hapa ulikuwa upande wa Kanada, katika mji uliokuwa ukiitwa Port Arthur, ukingoni mwa Ziwa Superior. Ulijengwa 1910 katika Bay Street. Waliouchangia ni vyama viwili ambavyo leo tungeshangaa kuviona chini ya paa moja: Uusi Yritys, chama cha wasiokunywa, na Imatra, tawi la wasoshalisti. Wakaweka jukwaa la maigizo, maktaba, na nafasi ya mazoezi ya viungo. Mwaka 1918 wakata miti waliochoshwa na chakula cha kambini walikopesha dola 5 kila mmoja, wakafungua mgahawa chini ya ukumbi. Waliuita Hoito. Mgahawa huo uliwalisha wafanyakazi kwa bei wanayoimudu, ukaja kuwalisha wajukuu wao, na ukaendelea kwa zaidi ya miaka 100 kwa mtaji huo wa dola tano tano.

Michezo iliingia ukumbini kwa mlango wa nyuma. Hakuna aliyepanda meli kwenda kutafuta mahali pa kuchezea. Skii zenyewe zilikuwa chombo cha safari: ubao mrefu mwembamba chini ya kila mguu, fimbo mkononi, na mtu anavuka msitu uliofunikwa na theluji bila kuzama. Mkazi wa Salale, Kiongoroni, Mbuchi au Maparoni hahitaji kuelezwa sana. Huko kwenye delta ya Rufiji mtoto hushika kafi na upondo kabla hajaandika jina lake vizuri, maana shule, shamba la mpunga, zahanati na harusi vyote viko ng'ambo ya maji. Hakuna anayemwambia kwamba anafanya mazoezi. Mfini wa kijijini naye alivaa skii kwa sababu theluji ilikaa miezi, na asiyekuwa nazo alibaki ndani. Wakikutana vijana wawili kwenye mkondo mmoja, mashindano huanza yenyewe, hata kama mmoja wao ametumwa chumvi.

Tunaoijua theluji kwa picha hudhani skii ni kuporomoka mlimani kwa kasi. Huo ni mchezo mwingine, wa wenye milima na wenye fedha. Mbio za nyika za theluji hukimbiwa tambarare, kilimani na msituni, kilomita 10, 15, hata 50. Kiatu hufungwa kwenye skii kwa ncha tu, kisigino kikiwa huru. Mshindani hufuata mifuo miwili iliyochongwa thelujini. Husukuma kwa mguu mmoja, huteleza kwa mwingine, na mikono yote miwili hufanya kazi kwa fimbo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kisha kuna nta. Katikati ya skii, chini ya unyayo, hupakwa nta ya kushika theluji ili mtu asirudi nyuma akipanda. Mbele na nyuma hupakwa ya kutelezesha. Nta ya theluji kavu haifai siku ya theluji mbichi, na mzee anayejua kuonja hali ya hewa asubuhi akachagua nta ni mtu wa thamani katika klabu kuliko kijana mwenye misuli. Katika Olimpiki ya Lake Placid mwaka 1980, Mfini Juha Mieto alipoteza dhahabu ya kilomita 15 kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Kilomita 15, akakosa kwa muda usiotosha hata kupepesa jicho.

Ukumbi ulipata mtihani wake mkubwa mwaka 1918. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka Ufini, Wekundu wa wafanyakazi dhidi ya Weupe wa serikali, na watu zaidi ya 36,000 walipoteza maisha, maelfu kati yao makambini baada ya mapigano kwisha. Mwaka uliofuata wanamichezo wa upande wa wafanyakazi waliunda shirikisho lao, TUL, wakawa na mashindano yao ya kimataifa, Olimpiki za Wafanyakazi, mbali na Olimpiki tunazozijua. Mgawanyiko huo ulivuka bahari. Katika miji ya wahamiaji, watu wa ukumbi na watu wa kanisa walikuwa na klabu mbalimbali, magazeti mbalimbali, mashindano mbalimbali. Sisi wenye Simba na Yanga tunaelewa. Uhasama ule uliwaumiza watu, ulivunja hata udugu, lakini klabu hazikufa. Kila upande uliona haya kufungwa na mwenzake, kwa hiyo kila upande ulifundisha watoto.

Nao hawakufundisha skii peke yake. Hannes Kolehmainen, bingwa wa Stockholm 1912, aliishi Marekani miaka kadhaa, kisha akarudi kushinda marathoni ya Antwerp mwaka 1920 kwa bendera ya Ufini. Ville Ritola alihamia Marekani 1913 akiwa kijana mdogo, akafanya kazi ya useremala New York, akajiunga na klabu ya riadha ya Wafini wa mji ule. Mwaka 1924 alikwenda Paris, akarudi na dhahabu nne. Katika mbio za nyika za mwaka huo, siku ya joto kali, walianza wakimbiaji 38 wakamaliza 15. Paavo Nurmi wa kwanza, Ritola wa pili, na mbio za nyika zikaondolewa katika Olimpiki moja kwa moja. Kwa hiyo kabla ya Wakenya na Waethiopia, mabwana wa mbio ndefu duniani walikuwa hawa watu wa theluji, na baadhi yao walipikwa katika klabu za wahamiaji, baada ya saa za kazi.

Port Arthur iliungana na Fort William mwaka 1970, likapatikana jiji la Thunder Bay. Mchezo ulioingia na wahamiaji ukawa mchezo wa jiji. Mwezi Machi 1995 jiji hilo liliandaa mashindano ya ubingwa wa dunia wa skii za nyika na za kuruka, heshima ambayo ni nadra kutolewa nje ya Ulaya. Palikuwa na kituo kikubwa cha kuruka kwa skii, kilichoendeshwa kwa fedha za serikali. Mwaka 1996 kilifungwa. Lakini katika kitongoji cha Lappe, nje kidogo ya jiji, mahali penye jina la Kifini na asili ya Kifini, klabu ya skii za nyika ipo hadi leo, na ina sauna yake. Fedha za serikali zilidumu mpaka wageni walipoondoka. Klabu ilikuwa na wenyewe.

Ukumbi wenyewe haukuwa na mwisho mzuri. Chama kilichoumiliki kilielemewa na madeni, kikavunjwa mwaka 2020. Jengo likauzwa. Desemba 22, 2021, likateketea kwa moto. Kilichosalia ni karatasi: mihtasari, picha na kumbukumbu za jumuiya hiyo, ambazo sehemu kubwa imehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Lakehead hapo hapo Thunder Bay. Walikuwa watu wa kuandika. Kikao kidogo kikiisha, muhtasari. Mbio zikiisha, majina na muda wa kila mmoja.

Sasa twende Eldoret.

Februari 1996 Wakenya wawili, Philip Boit na Henry Bitok, walitua Ufini wakiwa hawajawahi kuiona theluji kwa macho yao. Boit, aliyezaliwa 1971, alikuwa mkimbiaji wa mita 800, wa ukoo wa Mike Boit aliyepata shaba ya umbali huo Munich mwaka 1972. Aliyelipa gharama ni Nike, kampuni ya viatu, iliyotaka kuona kama mapafu ya Bonde la Ufa yanaweza kushindana juu ya skii. Na tuseme kweli, ilitaka pia picha. Kocha alikuwa Mfini, Jussi Lehtinen.

Mapafu yalikuwapo. Kazi ilikuwa kwingine. Mkimbiaji wa mita 800 hajengi mikono ya kusukuma fimbo kwa nusu saa. Amezoea kubeba uzani wake kwa miguu miwili inayopokezana haraka, na sasa aliambiwa auache wote juu ya mguu mmoja unaoteleza, asubiri, kisha ahamie wa pili. Mtoto wa Kifini hujifunza hilo akiwa na miaka mitatu au minne, na hakumbuki nani alimfundisha. Boit alikuwa na miaka 24, na alikuwa na miaka miwili tu mbele yake kabla ya Olimpiki.

Nagano, Japani, Februari 12, 1998, kilomita 10. Theluji ya siku hiyo ilikuwa nzito kwa unyevu, tofauti na ile kavu ya Ufini aliyoizoea, na msomaji aliyefuata habari ya nta anajua maana yake. Mnorwei Bjørn Dæhlie alishinda kwa dakika 27 na sekunde 24.5. Boit alimaliza kwa dakika 47 na sekunde 25.5, wa 92, wa mwisho. Dæhlie, ambaye angeondoka katika mchezo huo na dhahabu nane za Olimpiki, alikataa kwenda kupokea medali yake kwanza. Alisimama kwenye utepe mpaka Mkenya alipofika, akamkumbatia. Baadaye Boit alimpa mwanawe jina la Daehlie.

Picha ile ilizunguka dunia, na ilistahili. Sisi Watanzania tuna ya kwetu inayofanana nayo: John Stephen Akhwari wa Mbulu, Mexico 1968, goti limefungwa bandeji, akiingia uwanjani jioni wa 57 kati ya 57 waliomaliza marathoni, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia. Lakini naona tunaipenda mno hadithi ya mtu wa mwisho. Inatuliza. Inatuondolea swali la nani alimwandaa, na nani atakayemfuata. Nyuma ya Dæhlie kulikuwa na shirikisho la skii la Norwei lililoundwa 1908, na chini yake klabu za vijijini zisizohesabika. Nyuma ya Boit kulikuwa na mkataba.

Mkataba ulipokwisha, Boit hakuacha, na hapo ndipo ninapomheshimu zaidi kuliko kwenye ile picha. Alifanya mazoezi kwenye lami ya nyumbani kwa skii za magurudumu. Alikwenda Salt Lake City mwaka 2002. Alikwenda Turin 2006, na safari hiyo hakuwa wa mwisho. Katika mbio hizo hizo za Turin alikuwapo Robel Teklemariam, Mwethiopia wa kwanza katika Olimpiki ya majira ya baridi, aliyemaliza mbele yake. Robel alijifunza skii Marekani alikokulia. Ili aruhusiwe kushindana kwa bendera ya Ethiopia ilibidi kwanza aanzishe shirikisho la skii la nchi yake. Alianzia pale walipoanzia wale wa Port Arthur, kwenye karatasi. Boit alitaka kwenda Vancouver 2010, hakufikia kiwango. Kenya ikapotea thelujini kwa muda.

Iliporudi ilirudi kwa njia ya uhamiaji. Sabrina Simader, aliyezaliwa Kenya na kuhamia Austria na mama yake akiwa mtoto mdogo, alishuka milima ya Pyeongchang mwaka 2018, mwanamke wa kwanza wa Kenya katika Olimpiki hizo. Alilelewa na klabu za Austria. Mwaka 2022, Beijing, hakukuwa na Mkenya aliyeshindana.

Kwa upande wa barafu mambo yamekwenda vingine, tena kwa kelele kidogo. Mwaka 2005 hoteli ya Panari jijini Nairobi ilifungua uwanja wa barafu, mdogo, ndani ya jengo. Walioanza kucheza magongo ya barafuni humo ni wageni waliokumbuka mchezo wa kwao. Wakenya wakajifunza, wakaunda timu ya Ice Lions, wakafundisha watoto. Kwa miaka mingi hawakuwa hata na timu ya kucheza nayo, wakawa wanajigawa na kucheza wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 2018 walialikwa Kanada. Mwaka 2024 Kenya ilipokewa kuwa mwanachama wa shirikisho la dunia la magongo ya barafuni. Nchi ya ikweta, kiwanja kimoja, na uanachama umepatikana, kwa sababu kulikuwa na klabu ya kupokelewa.

Msomaji wa Kibiti ataniuliza theluji inamhusu nini. Haimhusu. Linalomhusu ni ukumbi. Tuna mfano wa karibu, mkoani kwetu Pwani: Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, ana shule zenye jina lake, mojawapo Kibaha, ambako watoto husoma na kukimbia. Rekodi ilivunjwa zamani. Shule ipo.

Delta ina kitu ambacho Wafini walikuwa nacho kabla hawajakijua kuwa ni mchezo. Kuna vijana wa Nyamisati na Mbwera wanaosoma maji kupwa na kujaa bila saa, wanaopitisha mtumbwi kwenye vijito vya mikoko usiku, wanaojua kusi linapobadilika. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipozingira vijiji, ujuzi huo haukuwa burudani. Pwani yetu haikosi mashindano: Lamu hushindanisha majahazi wakati wa Maulidi, Zanzibar hufanya hivyo kwenye matamasha, na siku za sikukuu vijana hupimana nguvu popote palipo na maji. Ila mshindi wa mwaka juzi ameandikwa wapi? Alitumia dakika ngapi? Nani anamfundisha mdogo wake?

Baraza la Michezo la Taifa lipo kwa sheria tangu 1967, na klabu husajiliwa kwa utaratibu unaojulikana. Wanachotakiwa kuwa nacho vijana wa delta ni katiba fupi, daftari la wanachama, mchango wanaoumudu, na mzee mmoja au wawili wa kuaminika wa kushika fedha. Wazee wa vijiji, walimu wa shule za visiwani, na ninyi akina mama mnaoendesha vikoba na mnaojua kutunza hesabu kuliko sisi: iteni kikao kabla ya msimu wa kuvuna mpunga, chagueni katibu anayeandika vizuri, na mtumeni Kibiti mjini kwa afisa michezo wa wilaya akaulize fomu.